Kuongoza mabaharia katika safari ndefu: mwongozo kamili kwa nahodha mpya

Nahodha anayejiandaa kwa safari yake ya kwanza ndefu huwaza dhoruba. Lakini dhoruba humrahisishia kazi: kila mtu anaiona hatari, kila mtu anataka kuambiwa la kufanya, na amri hutiiwa kabla haijamalizika kutamkwa. Watu humponyoka nahodha bahari ikiwa shwari. Ni wiki ya tatu, nchi kavu haionekani, chakula kimeanza kujirudia, fulani hachukui zamu kwa wakati, mwingine amechoka kumngoja, na kwenye meza ya chakula kuna watu wawili wasiosemezana. Mwongozo huu ni wa siku hizo hasa. Unamfaa nahodha wa meli ya mizigo yenye watu ishirini na kitu, na pia mwenye chombo cha matanga chenye watu watano. Pale mambo yanapotofautiana nitasema.

Kabla ya kung'oa nanga

Anza na suala la nani mwenye kauli ya mwisho, na liwe kwenye karatasi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na nahodha wa pili mara nyingi si ofisa mwenye tamaa ya cheo. Ni mwenye chombo aliyepanda kama abiria, au mtu wa ofisini anayepiga simu kuuliza kwa nini mwendo umepunguzwa. Kanuni za kimataifa za usimamizi wa usalama wa meli (ISM), ambazo zilianza kuwa za lazima mwaka 1998, zinaitaka kampuni iandike wazi kwamba nahodha ndiye mwenye mamlaka ya juu katika uamuzi wa usalama na wa kuzuia uchafuzi wa bahari. Tafuta aya hiyo katika kitabu cha kampuni yako, isome, kisha hakikisha ofisa wa kwanza na injinia mkuu nao wameisoma. Kwenye chombo kidogo, andika ukurasa mmoja: nani nahodha, nani anashika nafasi yake akiumia, nani anaamua kurudi nyuma. Mwenye chombo akiwemo ndani, atie sahihi. Kama hataki, ni heri ulijue hilo mkiwa bado gatini.

Pili, zungumza na kila mtu peke yake. Dakika kumi zinatosha. Muulize mara ya mwisho alikuwa nyumbani lini, anatumia dawa gani, kazi gani amewahi kuifanya kwa mikono yake mwenyewe (cheti kinaeleza alichofundishwa, hakielezi alichozoea), na kama kuna mtu asingependa kupangwa naye zamu moja. Swali hili la mwisho watu wengi hulikwepa. Wewe liulize, kisha nyamaza umngoje. Ugomvi mwingi wa katikati ya bahari ulipanda ngazi pamoja na mizigo.

Mabaharia wakitoka nchi mbalimbali, chagueni lugha moja ya kazi. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini (SOLAS) unataka lugha hiyo iandikwe kwenye batli, yaani kitabu cha kumbukumbu za meli, na una sababu nzuri. Amri zote za usukani, za injini na za dharura zitolewe kwa lugha hiyo, hata kati ya watu wawili wa kijiji kimoja. Nje ya kazi, kila mtu aongee anavyopenda.

Mazoezi ya moto na ya kuihama meli hufanywa walau mara moja kwa mwezi. Zaidi ya robo ya watu wakiwa hawajashiriki mazoezi ya mwezi uliopita kwenye meli hiyohiyo, yafanyeni ndani ya saa 24 tangu kuondoka bandarini. Wengine huyafanya ya kutia sahihi tu. Mtu asiyejua boti yake ya kuokolea iko upande gani anakuambia jambo kuhusu uongozi wako, hata kama karatasi zako zote ziko sawa.

Zamu na usingizi

Nikiulizwa nahodha atumie wapi muda wake mwingi, nitasema hapa. Ukaidi, hasira za ghafla, kusahau na kujikata vidole jikoni, vingi huanzia kwenye usingizi usiotosha.

Kiwango cha chini kinajulikana. Mkataba wa mafunzo na zamu za mabaharia (STCW) na Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 vinataka kila mtu apate mapumziko ya saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba. Saa hizo 10 zinaweza kugawanywa mara mbili tu, na kipande kimoja kisipungue saa 6. Kati ya mapumziko na mapumziko zisipite saa 14. Ukiwa na watu wa kutosha, mpango wa zamu tatu, saa nne kazini na saa nane nje, unatimiza haya bila shida. Mpango wa sita kwa sita kwa watu wawili unatimiza kwenye karatasi tu. Toa muda wa kula, kuoga, kupokea zamu na kelele za sitahani, uone anayelala anabaki na saa ngapi. Utumie kwa siku chache ukilazimika, usiufanye mtindo wa mwezi mzima.

Yaangalie mambo manne.

Karatasi za saa za mapumziko zikiwa safi mno, zitilie shaka. Watu wote wakiwa wamepumzika saa zilezile kila siku, hata siku ile tangi lilipopasuka, ujue mtu amekaa akazijaza mwisho wa mwezi. Mwambie ofisa wa kwanza mbele yako kwamba hutamwadhibu mtu kwa kuandika ukweli, kisha timiza neno lako siku ukweli huo utakapokuletea maswali kutoka ofisini.

Mpishi na wa injini nao ni watu. Mpishi huamka kabla ya wote, na bado huitwa kufunga kamba meli inapoingia bandarini. Hesabu saa zake kama za ofisa.

Kupokezana zamu kuwe na utaratibu wake. Anayeingia usiku afike robo saa mapema, kwa sababu macho yaliyotoka kwenye taa hayaoni gizani mara moja. Anayetoka ataje mahali meli ilipo, mwelekeo, vyombo vilivyo karibu, hali ya hewa na lolote lililoachwa kiporo. Hamkabidhi zamu mtu aliyelewa au mgonjwa, wala hamkabidhiani katikati ya kupishana na meli nyingine. Kwenye chombo cha matanga, anayetoka asishuke chini mpaka mwenzake awe amefunga mkanda wa usalama na kukaa.

La nne linakuhusu wewe. Andika kwenye kitabu cha amri za usiku mambo ambayo yakitokea lazima uamshwe: ukungu, meli itakayopita karibu kuliko umbali uliouweka, upepo kubadilika, hitilafu yoyote ya usukani, na shaka. Neno «shaka» liwemo. Sasa fikiria saa tisa usiku kijana anakuita kwa taa aliyodhani ni meli, kumbe ni nyota inayochomoza. Ukipanda ngazi ukasema «vizuri umeniita», ukaitazama naye nyota hiyo dakika mbili, ukarudi kulala, ataita tena siku taa itakapokuwa meli kweli. Ukiguna tu, hataita. Na habari ya mguno wako itafika jikoni kabla ya chai ya asubuhi.

Kama zamu ya usiku wa manane inaelemea watu walewale, mabaharia wa zamani waliigawa zamu ya saa kumi jioni hadi saa mbili usiku kuwa vipande viwili vya saa mbili mbili, hivyo kila kundi likasogea kila siku. Kwa chombo kidogo njia hiyo bado inafaa. Kwa meli kubwa, naona ni bora mtu abaki na saa zake ili mwili uzoee.

Kutoa amri na kuhakikisha imefanyika

Tarehe 6 Machi 1987 kivuko Herald of Free Enterprise kilitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya mbele ikiwa wazi. Maji yaliingia kwenye sitaha ya magari, kikapinduka kwa dakika chache, watu 193 wakafa. Aliyepaswa kufunga milango alikuwa amelala kwenye kabini yake. Ofisa aliyepaswa kuhakikisha imefungwa aliamini mwenzake yuko njiani. Nahodha hakuwa na taa ya kumwonyesha hali ya milango, na utaratibu ulimruhusu kudhani mambo ni sawa iwapo hakuna aliyemwambia kinyume. Meli ile haikukosa watu wa kazi, ila kila mmoja alimtegemea mwingine na ukimya ukahesabiwa kuwa jibu.

Kwa hiyo weka sheria moja kwenye chombo chako: ukimya si taarifa. Amri ina sehemu nne. Unamtaja mtu kwa jina au cheo, unasema kinachotakiwa, yeye anarudia maneno yaleyale, na akimaliza anasema amemaliza. «Usukani kulia kumi.» «Usukani kulia kumi.» Kisha: «Usukani uko kulia kumi.» Wewe unatazama kipimo cha digrii. Usiku meli ya abiria Costa Concordia ilipogonga mwamba huko Italia, tarehe 13 Januari 2012, amri za usukani zilitolewa kwa lugha ambayo mshika usukani hakuielewa vizuri, na moja ya mwisho akaifuata kinyume. Amri ile ilikuwa imechelewa tayari, lakini tabia ya kurudia na kutazama kipimo huwa haijengwi siku ya mwamba.

Nahodha ahakikishe pia kwamba anaweza kupingwa. Chagueni maneno mafupi ambayo mtu yeyote, hata kadeti (ofisa mwanafunzi), anaruhusiwa kuyatumia: «Nahodha, nina shaka.» Ukiyasikia, una wajibu wa kueleza unachofanya au kusimamisha unachofanya. Huna wajibu wa kukubali. Watu wa vyeo huhofia kwamba hili litawapunguzia heshima. Nimeona likiwaongezea.

Siku za katikati

Hapa ndipo utawala wa chombo unapoonekana. Kila adhuhuri bandika mahali penye macho ya wote: tulipo, maili zilizobaki, hali ya hewa inayotarajiwa, siku ya kufika. Tarehe ikisogea, sema imesogea na sababu yake. Mabaharia huvumilia habari mbaya kuliko uvumi, na uvumi kwenye chombo huzaliwa pale ambapo nahodha na injinia wameonekana wakinong'ona.

Kazi ziwepo, ila ziwe na maana. Kupaka rangi mahali palipopakwa juzi ili watu wasikae bure ni matusi, nao wanajua. Gawa kazi chafu kwa zamu na wewe uonekane umezishika mara moja moja. Ernest Shackleton, mpelelezi wa nchi za barafu, meli yake Endurance ilipokwama kwenye barafu ya Antaktika mwaka 1915, aliwapangia wanasayansi na maofisa kusugua sakafu kama mabaharia wengine. Wapo walionung'unika. Meli iliangamia, lakini watu wote 28, yeye akiwemo, walirudi hai.

Chakula ni siasa ya chombo. Mkataba wa Kazi za Baharini unamtaka nahodha, au ofisa aliyemteua, akague mara kwa mara akiba ya chakula na maji, maghala na jiko, na kuandika. Kagua kweli, fungua magunia. Kwenye chombo kidogo weka hesabu ya maji kila asubuhi. Lita tatu hadi nne kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, ni makadirio ya busara, na kwenye joto ongeza. Kula chakula kilekile wanachokula wao, angalau mlo mmoja pamoja nao.

Ukitaka watu wakubali jambo jipya, jifunze kwa nahodha Mwingereza James Cook. Mwaka 1769 alitaka mabaharia wa meli yake Endeavour wale kabichi iliyochachushwa ili kuepuka kiseyeye, nao wakaikataa. Hakuwalazimisha. Aliagiza iwekwe kila siku kwenye meza ya maofisa, na wengine akawaachia wale wapendavyo. Haikupita wiki, ikabidi iwekewe kipimo kwa jinsi ilivyogombewa.

William Bligh, nahodha mwingine Mwingereza, anafundisha pande zote mbili. Mwezi Aprili 1789, kwenye meli Bounty, aliwakusanya watu sitahani akawatuhumu maofisa wake kuwa wameiba nazi zake, akatishia kupunguza posho ya chakula. Kesho yake alfajiri, tarehe 28, alifungwa kamba na mabaharia wake walioasi, akashushwa kwenye mashua pamoja na watu 18. Humo mashuani, mtu yuleyule alitengeneza mizani kwa vifuu viwili vya nazi, akapima mkate kwa risasi ya bastola, gramu 18 hivi kwa mtu kwa mlo, mbele ya macho ya wote. Walipokamata ndege, walimkata vipande kumi na vinane, mtu mmoja akageuka nyuma asione, mwingine akashika kipande na kuuliza, «Hiki cha nani?», na aliyegeuka akataja jina. Hapo hata Bligh mwenyewe hakuwa na namna ya kujipendelea. Walisafiri zaidi ya maili 3,600 za baharini hadi Timor kwa siku 47. Mmoja aliuawa na wenyeji katika kisiwa cha Tofua mwanzoni mwa safari, na wengine wote walifika. Ukali wa Bligh haukubadilika njiani. Kilichobadilika ni kwamba kila mtu aliiona mizani.

Kwa hiyo chochote kitakachopungua, iwe maji, matunda au muda wa intaneti, kigawe hadharani kwa kanuni ambayo hata wewe unaifuata. Intaneti naitaja kwa makusudi: siku hizi ndiyo inayogombewa kuliko nyama. Marekebisho ya Mkataba wa Kazi za Baharini yaliyoanza kutumika Desemba 2024 yanataka mabaharia wapewe mawasiliano ya kijamii, intaneti ikiwemo, kwa kadiri inavyowezekana. Na ikikatika kwa hitilafu, tangaza mara moja, la sivyo watasema umeizima wewe.

Nidhamu

Ngazi yake ni fupi. Kwanza maneno ya faragha, siku hiyohiyo. Kosa likirudiwa, onyo la maandishi mbele ya ofisa mwingine, na mhusika apewe nafasi ya kuandika upande wake. Likirudiwa tena au likiwa zito, liandikwe kwenye batli, kampuni iarifiwe, na mtu ashushwe bandari inayofuata kwa utaratibu. Hakuna ngazi nyingine. Chakula, usingizi, mshahara na mkono wako si vifaa vya adhabu.

Kosa la mtu lisisemwe mezani. Sifa zisemwe mezani.

Kuhusu pombe usiwe na mjadala. STCW inaweka kikomo cha asilimia 0.05 ya kileo kwenye damu kwa wenye zamu na majukumu ya usalama, na kampuni nyingi zinapiga marufuku kabisa. Sheria iwe moja kwa wote. Chupa moja kwenye kabini ya nahodha inafuta kurasa zote za kanuni.

Mnung'unikaji mwenye ushawishi usimfukuzie mbali, mweke karibu nawe. Shackleton aliwapanga kwenye hema lake baadhi ya wale aliowahofia. Mpe mtu huyo kazi inayoonekana na umsikilize kabla hajajikusanyia wasikilizaji wengine.

Malalamiko ni haki. Mkataba wa Kazi za Baharini unamruhusu baharia kulalamika moja kwa moja kwa nahodha na hata kwa mamlaka za nje, na unakataza kumlipizia kisasi. Bandika majina na anwani husika ukutani. Katika unyanyasaji, hasa wa kijinsia, usijaribu kusuluhisha. Mtenge anayetuhumiwa na aliyelalamika, badilisha zamu na kabini bila kumwadhibu aliyelalamika, andika maelezo ya kila mmoja siku hiyohiyo kwa maneno yake, wasiliana na kampuni. Watu wakipigana, fanya vivyo hivyo, na visu vya jikoni vihesabiwe jioni hiyo bila kutangaza.

Aliyenyamaza

Mchekeshaji akiacha kuchekesha, au mtu akiacha kula na kujifungia, nenda kwake siku hiyo. Muulize wazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimpange peke yake sitahani usiku, na mpe mwenzi wa kukaa naye. Ushauri wa daktari kwa redio au setilaiti hupatikana saa 24, bila malipo, kwa meli zote, nao si kwa ajili ya mifupa iliyovunjika tu.

Likitokea kubwa

Simama mahali unapoona na unaposikika, usishike kamba wala mpira wa maji. Ukishika kazi ya mkono, chombo hakina nahodha tena. Sema polepole, sentensi fupi, kila mtu kazi moja. Mtu akianguka ndani ya tangi au chumba kilichofungika, amri ya kwanza ni kwamba hakuna anayeingia mpaka hewa ipimwe na vifaa vya kupumulia viletwe. Mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyekimbilia kumwokoa wa kwanza. Ndiyo sababu tangu mwaka 2015 SOLAS inataka mazoezi ya uokoaji wa aina hii kila miezi miwili. Yafanye kwa mdoli mzito, mpitishe kwenye tundu lenyewe la tangi, mtajionea jinsi lilivyo dogo.

Nchi ikikaribia

Siku mbili za mwisho watu huwa tayari wameshafika kichwani. Wanafunga mabegi, wanapiga simu, hawalali, wakati kuna meli nyingi, maji mafupi, rubani wa bandari na kazi ya kamba ambazo zikikatika huua. Panga mapumziko ya lazima kabla ya kuingia, ahirisha usafi usio wa lazima, na mkumbushe serahangi (msimamizi wa mabaharia wa sitaha) akague kamba na mashine za kuvutia nanga kwa mkono wake.

Mkishafunga, maliza hesabu za mishahara na saa za ziada kabla mtu hajashuka ngazi. Nahodha anayekupokea mwachie maelezo mafupi kuhusu watu: nani anaweza nini, nani anasubiri habari kutoka nyumbani, nani asipangwe na nani. Usimwandikie umbea, wala usimfiche maonyo yaliyomo kwenye batli. Atayasoma mwenyewe.